Macho ya Twiga na Galaksi Hamsini

Uvumi ule Mama Twiga aliupatia kwa msusi, kichwa chake kikiwa kimeinamishwa na nusu ya nywele zimeshafumuliwa, kwa hiyo hata kuinuka na kwenda zake hakuweza. Msusi alisema, kwa ile sauti ya chini inayotumiwa kwa maneno yanayotakiwa kusikiwa na wote, kwamba picha wanazoonyeshwa watoto wa chama cha sayansi shuleni zinakula macho. Zinamulikwa ukutani katika chumba kilichofungwa madirisha, na mtoto akizikodolea wiki mbili tatu, nuru inampungua kidogo kidogo kama taa inayoishiwa mafuta. Mtoto mmoja wa shule ya ng'ambo ya soko alikuwa ameshaanza kupapasa kuta.

Mtoto gani? Msusi hakumjua. Wazazi wake je? Hakuwajua pia. Yeye aliambiwa na mteja, na mteja aliambiwa na mtu asiye na tabia ya kusema uongo.

Mama Twiga, ambaye binti yake alikuwa kwenye chama hicho, alijitia kucheka. Alifika nyumbani na nywele nzuri na moyo mzito. Uvumi hauna miguu, lakini ule ulimfuata hadi jikoni, ukamganda kama kupe.

Kazi yake ilikuwa kushona magodoro na mito ya sufi. Chumba cha mbele ndicho kilichokuwa karakana: cherehani karibu na dirisha, magunia ya sufi yamepandana hadi karibu na dari, na sindano ndefu za kushonea magodoro zimechomekwa kwenye mto mzee usiouzwa. Kila asubuhi binti yake alifagia sufi iliyotanda sakafuni, akateka maji, akanywa chai wima, akafokewa akae, akakaa, kisha akakimbia shule na nyuzi mbili tatu nyeupe kichwani. Wenzake wakimwona hivyo walijua mama yake amejaza mito.

Twiga lilikuwa jina la utani. Alikuwa na miaka kumi na miwili tu, lakini shingo na miguu vilikuwa vimeshindana kurefuka, hadi mwalimu akamhamishia dawati la mwisho kabisa, mgongo ukutani, asije akawazibia wenzake. Jina likakolea, na mama naye akawa Mama Twiga. Jina lililoandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa lilitolewa siku za hasira tu, kama vyombo vya wageni.

Tangu siku ya msusi, mama alianza kumchunguza mwanawe. Na ukitafuta kasoro, hukosi. Aliona jinsi Twiga anavyokunja uso akitazama saa ya ukutani. Aliona anavyosogeza shingo mbele mtu akimwita kutoka mbali. Kisha mjomba mtu akaja kulalamika: alimpungia mkono mpwa wake kutoka upande wa pili wa barabara, naye akampita kama mlingoti. Mjomba alitaka kujua mtoto ameanza lini kiburi.

Mama hakumuuliza mtoto. Woga una akili zake. Badala yake alianza kumpima kwa siri. Akiwa anashona, ghafla aliinua mkono na kusema, "Vingapi?" Twiga, aliyekaa hatua mbili kutoka kwake, alijibu vitatu, au vinne, na kila mara alipatia.

"Mama, mbona siku hizi unanihesabisha vidole kama mtoto wa chekechea?" aliuliza siku ya tatu.

Mama akasema anajinyoosha tu mkono, umekufa ganzi. Akapumua. Lakini hakuwahi kuvinyoosha vidole hivyo kutoka mbali, na huko mbali ndiko kulikokuwa na jambo.

Jumamosi moja, wakiwa wawili karakanani, mama alimwambia binti yake amweleze hasa kinachofanyika kwenye chama hicho. Twiga akaacha kuchambua sufi, uso ukamng'aa. Kumbe alikuwa akisubiri kuulizwa.

Alieleza kwamba wataalamu wa nyota wa kituo kimoja chenye darubini kubwa wamezipelekea shule kadhaa picha, hamsini kwa kila wanafunzi wawili. Katika kila picha kuna galaksi moja ndogo. Galaksi ni mkusanyiko wa nyota, mamilioni kwa mamilioni, na jua letu ni nyota moja tu ndani ya galaksi yetu. Lakini hizi za kwenye picha zinaishi mbali sana, katika makundi makubwa ya galaksi, mamia na maelfu yakizunguka pamoja kama watu sokoni. Na huko kwenye msongamano, nyingi kati ya ndogo zina umbo moja: duaradufu, yaani kama yai, laini, bila pambo. Wataalamu wanaziita galaksi kibete.

"Zimezaliwa hivyo?" mama aliuliza.

Hilo ndilo swali lenyewe, Twiga alisema. Alichukua kikapu, akakitia mawe matatu ya kukandamizia vitambaa, akayafunika kwa sufi hadi juu. Akamwambia mama aangalie: hewa ya chumbani imetulia, hakuna upepo. Kisha akakimbia na kikapu kutoka mlangoni hadi dirishani kwa miguu yake mirefu. Sufi ikapeperuka nyuma yake kama moshi, ikatua kwenye cherehani, kwenye chai, na kwenye nywele mpya za mama. Mawe yakabaki.

Mawe ndiyo nyota, alieleza huku akihema, na sufi ni gesi. Galaksi ndogo nyingi zilikuwa kama sahani inayozunguka, zenye mikono iliyojipinda na gesi tele, na gesi ndiyo mali ya kutengenezea nyota mpya. Galaksi ya namna hiyo ikidondokea kwenye kundi kubwa, inakwenda kasi isiyosemeka. Katikati ya kundi si patupu, kuna gesi nyingine, nyembamba na yenye joto kali. Galaksi inapoipasua, gesi yake inabaki nyuma, kama sufi. Nyota hazitoki, lakini mpya hazizaliwi tena. Zile za buluu, zenye pupa, zinaungua na kwisha mapema. Zinabaki nyota kongwe, nyekundunyekundu, zinazokwenda polepole.

"Na ile mikono?"

Galaksi kubwa zinapita karibu, zinaivuta huku na huko, mara hii na mara ile, kwa mamilioni na mamilioni ya miaka. Mwisho sahani inavimba na mikono inafifia, kama mshono wa mto uliolaliwa na vichwa vingi. Lakini nyingine zimebaki na alama, mkono mmoja hafifu, duara hafifu. Ukiiona alama hiyo, umejua galaksi ile ilikuwa nini zamani. Kazi yao wanafunzi ni kuitazama kila picha, kila mtu peke yake bila kuuliza, na kuandika: laini, au ina alama.

Mama alikung'uta sufi kichwani. Alitaka kujua kama na sisi tutanyang'anywa gesi yetu. Twiga akacheka, akasema galaksi yetu ni kubwa na haiko katikati ya kundi kubwa la namna hiyo, mama alale usingizi wake. Mama akamtazama mwanawe, akaona fahari inampanda hadi kooni. Yeye mwenyewe aliishia darasa la saba, na hapa mtoto wake anaieleza mbingu kwa kikapu.

Lakini pale pale Twiga aligeuka kutazama saa ya ukutani, na macho yakajikunja. Uvumi ukaamka.

"Sikiliza," mama alisema, na sauti ikatoka kali kuliko alivyokusudia. "Nikijua picha hizo zinakuumiza macho, chama basi. Hata siku moja tena."

Twiga aliokota ufagio akaanza kufagia, na hakusema neno mpaka jioni. Mama akadhani amechoka.

Wiki mbili baadaye mwalimu wa sayansi alimtumia mama barua fupi: afike shule Jumanne baada ya masomo. Mama alifunga cherehani na kwenda akiwa na hakika moyoni. Mtoto amepofuka. Njia nzima aliyapanga maneno atakayomwambia mwalimu, na yalikuwa mengi.

Chumba cha sayansi kilikuwa na meza ndefu, madirisha yenye mapazia mazito na ukuta mmoja uliopakwa chokaa nyeupe kwa ajili ya picha. Twiga alikuwa amekaa kichwa chini. Pembeni yake alikuwa rafiki yake na jirani yake wa dawati, msichana waliyemwita Karani kwa sababu ya mwandiko wake mzuri. Karani naye alikuwa akitazama viatu.

Mwalimu alimkaribisha mama, akampa kiti, akatandika karatasi mbili mezani. Kila moja ilikuwa na mistari hamsini ya majibu. Akamwomba mama azisome sambamba.

Zilifanana. Mama alisema hivyo, kwamba zinafanana, na kwamba labda ni vizuri, wote wameona sawa.

Mwalimu akamweleza taratibu. Karani, kama alivyogundua mwenyewe baadaye, aliruka picha ya kumi na saba. Alipitiwa, basi, binadamu. Hakuacha nafasi, kwa hiyo jibu la kumi na nane likakaa kwenye mstari wa kumi na saba, la kumi na tisa kwenye wa kumi na nane, na kadhalika hadi chini, na mstari wa mwisho ukabaki mtupu. Na karatasi ya Twiga nayo ilikuwa hivyo hivyo, mstari kwa mstari, hadi ule mtupu.

"Mama, watu wawili wanaweza kuitazama galaksi moja na kukubaliana," mwalimu alisema. "Lakini hawawezi kupitiwa wote kwenye picha ile ile, bila mmoja kumtazama mwenziwe."

Maneno yote aliyoyapanga mama njiani yakayeyuka. Mwalimu aliendelea. Wataalamu wa nyota wametaka kila picha itazamwe na watu wawili wasioambizana, ili mmoja akikosea, wa pili amfichue. Wa pili akinakili, jicho moja limehesabiwa mara mbili, na kosa moja limepata shahidi. Majibu yanatakiwa Ijumaa. Twiga na Karani ndio waliopewa picha hizi hamsini. Bila karatasi mbili za kweli, kazi ya shule nzima haitapokelewa. Na sheria ya chama, waliyoitunga watoto wenyewe, inasema anayenakili anatoka.

Karani alikiri upande wake. Twiga alimwambia kichwa kinamuuma, naye akasogeza karatasi ili aone vizuri. Alidhani anasaidia.

Mama alihisi masikio yakimchoma. Alifungua kinywa, na lile jina la cheti likatoka lote, la kwanza, la baba na la babu. Twiga akainua uso. Ulikuwa umelowa machozi.

"Kwangu zote ni laini, mama," alisema.

Hakuna aliyemwelewa. Ikabidi aseme yote. Kutoka nyuma, anakokaa hata chamani, kila galaksi ni yai la ukungu. Kwenye picha za mazoezi wenzake wanasema, tazama mkono ule, tazama duara lile, naye anakaza macho mpaka kichwa kinauma, haoni mkono wala duara. Angeandika laini, laini, laini, mara hamsini, wangejua. Angesema haoni, mama angemtoa chamani, kwa kuwa alishaapa. Basi akanakili.

Mama alikumbuka siku ya kikapu, ufagio, na ule ukimya alioudhania uchovu. Yeye ndiye aliyeufunga mlango, kisha akashangaa mtoto kutotoka.

Akamweleza mwalimu habari za msusi, kwa aibu, akiruka ruka maneno. Mwalimu hakucheka. Alimgeukia Twiga na kumuuliza ni lini hasa alianza kuona ukungu.

"Darasa la tano, mwaka jana. Maandishi ya ubaoni yalianza kushikana."

"Na chama tumekianza lini?"

"Mwaka huu. Miezi miwili iliyopita."

Mwalimu akamtazama mama, na mama akafanya hesabu mwenyewe. Ugonjwa hauwezi kutangulia kisababishi chake kwa mwaka mzima. Uvumi uliomganda wiki zote zile ulidondoka hapo hapo, umekufa, na nyuma yake likabaki jambo la kweli ambalo mtu yeyote angeliona kama angeuliza.

Kesho yake asubuhi walikwenda hospitali, kwa mpima macho. Alikuwa mzee mchangamfu mwenye miwani mbili, moja puani na moja kwenye paji la uso. Alimkalisha Twiga mbele ya ubao wa herufi. Ile ya juu kabisa aliisoma. Mstari wa pili aliukisia. Wa tatu alisema kuna mchwa wanatembea. Mama, nyuma yake, aliiona mistari yote na kuibana midomo asije akamnong'oneza.

Mama aliuliza kuhusu picha za ukutani. Akauliza pia, kwa sauti ndogo, kuhusu vumbi la sufi, maana usiku kucha alikuwa amejihukumu mwenyewe. Mpima macho akasema si picha wala si sufi. Jicho la mtoto limerefuka kidogo kuliko inavyotakiwa, na mwanga wa vitu vya mbali unatua mbele ya mahali pake. Vya karibu anaviona barabara, ndiyo maana vidole vya karibu havikuonyesha kitu. Watoto wengi wako hivyo, na wengi wanaitwa wavivu, wakaidi, au wenye kiburi, kabla mtu hajafikiria kuwapima.

Kisha akamvalisha Twiga fremu nzito ya majaribio, akabadilisha vioo, hiki, na hiki je, na sasa? Twiga alitazama dirishani, kwenye mti wa uani, akasema haraka haraka kwamba majani yametengana, kila moja liko peke yake. Akageuka, akamwona mama aliyesimama mlangoni.

"Mama, kumbe una mvi."

Mpima macho alicheka hadi ile miwani ya kwenye paji ikadondoka. Mama naye alicheka, huku akifuta machozi kwa kanga.

Miwani ingekuwa tayari baada ya siku kumi, na Ijumaa ilikuwa kesho kutwa. Twiga alikwenda kwa mwalimu mwenyewe. Mama alitaka kumsindikiza akamwombee. Twiga akamwomba asimwombee. Alisimama mbele ya wanachama wote, akawaambia alichofanya na kwa nini, bila kumtaja Karani. Karani akasimama akajitaja. Kukawa na minong'ono, na mvulana mmoja mcheshi akauliza kama shingo ndefu ile haikuweza kufika ukutani yenyewe. Watu wakacheka, na kicheko kikalainisha mambo. Chama kiliamua wote wawili warudie kazi, kila mmoja kwa wakati wake, na Twiga aitazame akiwa amekaa sakafuni, hatua mbili kutoka ukutani.

Alhamisi mchana mama aliruhusiwa kukaa nyuma. Picha ya kwanza ikamulikwa. Yai la ukungu. Mama akasema moyoni, hii ni laini. Twiga alikaa akiitazama, hana haraka, kalamu iko juu ya karatasi. Dakika nzima. Mama akatazama tena, na pale ndani ya ukungu akaona, au akadhani ameona, mstari uliopinda, hafifu kama alama ya kidole kwenye kioo. Twiga akaandika. Picha ya pili. Zote hamsini zilichukua saa mbili na nusu, na magoti ya mtoto yakabaki na alama za saruji.

Karatasi mbili zilipowekwa pamoja, Karani alikuwa amepata galaksi tisa zenye alama, Twiga saba. Walikubaliana kwenye tano tu. Twiga alinywea, akadhani ameharibu. Mwalimu alikuwa akitabasamu.

"Hii sasa ndiyo kazi," alisema. "Tano mmeziona wote wawili bila kuambizana, kwa hiyo tunaweza kuziamini. Zile mnazotofautiana wataalamu watazitazama tena. Bado wanabishana ni ngapi zilikuja na mikono zikaipoteza ndani ya kundi, na ni ngapi zilikuwa kibete na laini tangu mwanzo. Ungeandika zote laini, Twiga, au ungenakili, ungezifutia zamani zake. Kutoona si kosa, mwanangu. Kosa ni kuficha kwamba huoni."

Majibu yalitumwa Ijumaa, na yakapokelewa. Miwani ilikuja baada ya siku kumi na mbili, si kumi. Siku hiyo mama alirudi karakanani, akatoa karatasi ya kukatia mishono, akaandika kwa mwandiko wake wa darasa la saba, herufi kubwa kubwa, ili mteja anayesubiri mto wake apate cha kusoma. Aliibandika mlangoni:

MAMBO YA KUEPUKA

Usinakili kazi ya mwenzako, hata ukiwa unaumwa. Sema unaumwa.

Usimpe rafiki karatasi yako anakili ukadhani umemsaidia.

Ukiona ubao una ukungu, usikae kimya hata siku moja. Mwambie mwalimu, mwambie mzazi, mwambie hata jirani.

Usisogeze neno ambalo hujui limetoka kwa nani.

Usimwite mtoto mwenye kiburi kabla hujampima macho.

Usimpime wewe kwa vidole. Mpeleke hospitali.

Usikimbie na kikapu cha sufi ndani ya nyumba hii.

Na wewe mzazi, usimtishe mtoto kwa jambo ambalo bado hajakuambia, maana hatakuambia tena.